UKURASA WA NYUMBANI: Kiti cha Gari si Buti

Juma hili safu yetu itaondoka jikoni kidogo na kuingia garini. Siku hizi jamaa nyingi za askari na polisi zina gari lao, na aghalabu gari hilo lilitumiwa kwanza Japani, likashushwa bandarini Mombasa, ndipo likafika kwetu Uganda. Injini yake yaweza kuwa nzima kabisa, lakini kiti cha dereva kimechakaa: ngozi imepauka, imefanya nyufa, na pengine sponji imeanza kuchungulia.

Sina budi kukiri kosa langu kwanza, ili lisije likawa lenu. Miaka kadhaa iliyopita, mdogo wa mume wangu alikuwa anakwenda kujitambulisha kwa wakwe zake. Usiku wa kuamkia safari nilivitazama viti vya gari letu nikaona haya. Mume wangu ni askari, na nyumba ya askari haikosi dawa ya viatu. Nikachukua kopo la dawa nyeusi na brashi, nikavisugua viti vile kama mabuti ya gwaride, hata vikang'aa. Kesho yake jua likawaka na dawa ikayeyuka. Shangazi wa mume wangu aliposhuka mbele ya wenyeji, gomesi yake nyeupe ilikuwa na doa jeusi kuanzia mgongoni hadi chini. Alijifunga kitenge cha kuazima, akaketi pembeni shughuli nzima. Jioni aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, buti halikaliwi."

Alisema kweli. Ngozi ya viti vya gari, kwa sehemu kubwa, hupakwa rangi kiwandani, na juu ya rangi hiyo huwekwa utando mwembamba wa kuikinga. Kinachochakaa kwanza ni utando na rangi, wala si ngozi yenyewe. Dawa ya viatu, mafuta ya kupikia au mafuta ya taa hayarudishi utando huo. Hubaki juu, hunasa vumbi, kisha huhamia katika nguo zenu. Basi yafaa kufuata utaratibu ufuatao.

Kwanza, tambueni kiti ni cha ngozi ya namna gani. Katika magari mengi, sehemu ya kukalia na kuegemea ndiyo ngozi halisi, ilhali pembeni na nyuma ni ngozi bandia. Chunguzeni ukingo uliochanika: ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana ovyo, na ngozi bandia huonyesha kitambaa kilichofumwa.

Pili, safisheni. Tieni sabuni laini ya maji, kidogo tu, katika maji ya vuguvugu. Kamueni kitambaa vizuri, sugueni polepole kwa brashi laini, kisha pangusieni kitambaa kingine kilicholoweshwa maji safi. Msimwage maji juu ya kiti, kwani matundu ya mshono huyapitisha hadi kwenye sponji, nayo huvunda. Acheni kikauke kivulini, mbali na moto. Mara nyingi mtagundua kwamba nusu ya uchakavu ulikuwa ni uchafu.

Tatu, tibuni nyufa ndogo. Pangusieni spiriti kidogo ili kuondoa mafuta, pitisheni msasa mlaini wa namba 600 kwa mkono mwepesi, kisha ondoeni vumbi. Pakeni dawa ya kujazia nyufa za ngozi, tabaka nyembamba baada ya nyingine, kila moja ikauke kabla ya inayofuata. Halafu pakeni rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya viti vya ngozi, kwa kipande cha sponji, mara tatu au nne kwa wembamba. Malizeni kwa utando wa kukinga usio na rangi. Jaribuni kila dawa mahali pasipoonekana kwanza, na kiti kisikaliwe siku nzima.

Nne, palipochanika, ingizeni kipande cha kitambaa imara chini ya tundu, kikubwa kuliko tundu lenyewe. Kibandikeni kwa gundi inayonyumbuka, mkikutanisha kingo bila kuzipandisha. Gundi ya kukauka papo hapo haifai, maana hugumu na kuvunjika. Mshono ukifumuka, tumieni uzi wa nailoni au poliesta, kwa kuwa uzi wa pamba huoza. Pitisheni sindano katika matundu yale yale ya zamani, kwani matundu mapya huidhoofisha ngozi.

Sasa sikilizeni onyo kubwa kuliko yote. Magari mengi yana mfuko wa hewa uliofichwa ubavuni mwa kiti, upande wa mlango, kwa ajili ya kumkinga abiria wakati wa ajali. Tazameni kama pana lebo yenye herufi SRS. Mshono wa mahali hapo umeshonwa makusudi ili upasuke mfuko unapofumka. Msiushone kwa uzi wenu, msiubandike gundi, wala msiufunike kwa nguo ya kiti isiyoachwa wazi mahali hapo. Mpelekeeni fundi anayeijua kazi hiyo. Ni heri mshono uonekane mbaya kuliko kumzika mtu kwa ajili ya urembo.

Ikiwa sponji imevunjika au kipande kizima kimeraruka, hapo ni kazi ya fundi wa viti. Lakini msikubali haraka kubadilishiwa viti vyote. Kiti hushonwa kwa vipande, na fundi hodari aweza kufumua kimoja tu na kukishona upya. Mwombeni awaonyeshe ngozi na uzi kabla ya kupokea malipo.

Nanyi askari wetu, sikilizeni. Kiti cha dereva huchakaa kwanza ubavu wa mlangoni, kwa sababu mnajiburuta juu yake mkiwa na mkanda, pingu na funguo kiunoni. Inukeni mnaposhuka. Egesheni gari kivulini, au funikeni kioo cha mbele, kwani jua hukausha ngozi na kuipausha rangi. Pangusieni viti kila mwezi. Ufa mdogo unaotibiwa leo hauli mshahara wa kesho.

Shangazi angali anapanda gari letu. Ila kabla ya kuketi, hupitisha kidole juu ya kiti, akakitazama, ndipo akakaa. Wala simlaumu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.