Nesi wa Kuku? Ndiyo, Nesi wa Kuku!

Haya wadau, chekeni kwanza mmalize, halafu tuongee. Kila nikitamka maneno "muuguzi wa wanyama" mbele ya wenzangu wa chumba cha habari, watu wanaangua kicheko. Mmoja aliniuliza kama kuku naye atapewa kadi ya bima. Mwingine, msomi kabisa mwenye digrii yake ya Mlimani, akasema nchi ambayo wagonjwa wake wanagombania vitanda haina haki ya kuzungumzia manesi wa mifugo. Wote wakaitikia "kweli kabisa", tukarudi kuandika habari za siasa.

Ya kwanza ni utani, naipokea. Hiyo ya pili ndiyo inayoniudhi, maana imevaa nguo za uzalendo huku ndani haina kitu. Anayesema hivyo anadhani kuku na binadamu wa jiji hili ni wagonjwa wawili tofauti. Si kweli. Kuku wa Mbagala ni ada ya mtoto wa kidato cha pili. Ni kodi ya chumba. Na siku akichinjwa, dawa aliyonyweshwa jana inaingia kwenye sahani yako wewe unayecheka.

Twendeni Kariakoo kidogo. Najua wengi wenu mnakwenda pale kutafuta jinzi na simu tu. Lakini kwenye mitaa inayozunguka soko kuna maduka ya pembejeo: mbegu, mabomba ya kunyunyizia, vyombo vya kunyweshea vifaranga, na makabati yaliyojaa dawa za mifugo. Simama pale nusu saa siku ya Jumamosi usikilize. Nilisimama. Akaja mama mmoja amejifunga kanga, ametoka Mbagala na daladala mbili. "Kaka, kuku wangu wamezubaa, wanaharisha, tangu juzi wamekufa kumi na wawili."

"Wana wiki ngapi, mama?"

"Ya tatu hii."

Zikatoka pakiti tatu juu ya kaunta: ya antibayotiki, ya kuhara damu, na ya vitamini. Mama akafungua fundo la kanga, akalipa, akaondoka. Maongezi yote yalikuwa mafupi kuliko kuagiza chipsi mayai. Hakuna aliyemuuliza kuku wako wangapi. Maranda ya bandani yamelowa au makavu? Wanakunywa? Wamelala vipi usiku? Walichanjwa lini, na chanjo uliichanganya kwenye maji gani?

Hilo swali la mwisho si udadisi wa mwandishi wa habari. Chanjo nyingi za kuku ni za virusi hai vilivyodhoofishwa, na klorini ya maji ya bomba inaviua. Unaweza kununua chanjo halali kabisa ya gumboro, ukaibeba kwenye barafu kama yai la dhahabu, ukaimimina kwenye ndoo ya maji ya bomba, na vifaranga wako wakanywa maji matupu. Ndiyo maana wataalamu wanasema tumia maji yasiyo na klorini, au tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwanza. Mama akiulizwa swali hilo moja, huenda tukajua ugonjwa umepitia mlango gani. Na kama ni gumboro au mdondo, yote mawili ni magonjwa ya virusi, antibiotiki haiviui virusi hata ukinunua kabati zima.

Muuzaji simlaumu sana. Kazi yake ni kuuza. Ninaowalaumu ni wale waliotuaminisha kwamba kumtibu mnyama ni kumpa dawa, basi.

Sasa modeli ya uuguzi ni mdudu gani? Kwa maneno ya kawaida: daktari anauliza mgonjwa ana ugonjwa gani, muuguzi anauliza mgonjwa huyu leo ameshindwa kufanya nini ambacho jana alikifanya mwenyewe. Nancy Roper, Winifred Logan na Alison Tierney, wauguzi waliofanya kazi Uskochi, walichapisha modeli yao mwaka 1980 wakayaweka maisha ya binadamu katika shughuli 12: kupumua, kula na kunywa, kwenda haja, kulala, kujongea na kadhalika, mpaka kufanya kazi na kucheza, jinsia, na kufa. Unampima mgonjwa kwa kila moja, unapanga, unatekeleza, kisha unarudi kuangalia kama imesaidia. Kama haikusaidia unabadilisha mpango. Hicho ndicho kinachoitwa mpango wa uuguzi, wala hakuna uchawi mwingine.

Waingereza wa kliniki za wanyama walipojaribu kumvalisha mbwa modeli hiyo ilimpwaya. Mbwa aliyehasiwa utamwandikia nini kwenye jinsia? Mwaka 2007 wauguzi wawili wa wanyama, Hilary Orpet na Andrea Jeffery, wakatoa modeli yao yenye uwezo kumi. Je, mnyama anaweza kula vya kutosha, kunywa vya kutosha, kukojoa, kunya, kupumua, kutunza joto la mwili, kujisafisha, kutembea, kulala na kupumzika, na kuonyesha tabia zake za kawaida? Na kwa kila swali unamuuliza mwenye mnyama: akiwa nyumbani kawaida yake ni ipi?

Kwa wale mnaoniambia hayo ni mambo ya Wazungu waliozaliwa nayo: hawakuzaliwa nayo. Mafunzo rasmi ya watu hao Uingereza yalianza mwaka 1961, na kwa zaidi ya miaka 20 hawakuruhusiwa hata kuitwa manesi, maana jina lilikuwa la wauguzi wa binadamu. Waliitwa wasaidizi wa uuguzi wa wanyama. Mpaka 1984 ndipo wakaruhusiwa jina la muuguzi wa wanyama. Kwa hiyo kicheko chenu, ndugu zangu, kimechelewa.

Turudi kwa vifaranga wa yule mama, tuchukue uwezo mmoja tu, kutunza joto. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi joto 32 hadi 35, halafu unapunguza kidogo kidogo kila wiki. Nani Mbagala ana kipimajoto bandani? Hamna shida, vifaranga wenyewe ndio kipimajoto. Wakirundikana chini ya jiko wakilia, wana baridi. Wakikimbilia kuta huku wametanua midomo, wanaungua. Wakitawanyika banda zima, wengine wanakula wengine wamelala, wako sawa. Muuguzi anafundishwa kuangalia hilo saa nne usiku, siyo saa nne asubuhi jua limeshatoka na mwenye kuku anasema "mbona wazima tu". Vifaranga wanaorundikana kwa baridi wanakandamizana na kufa, na hakuna pakiti duniani inayotibu kukandamizwa.

Au kunywa. Kuku hunywa maji takriban mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na kwenye joto letu la Januari na Februari anazidisha. Maji ndiyo habari ya kwanza bandani: yakianza kubaki kwenye chombo, kuna jambo, hata kama hakuna aliyeinamisha kichwa bado. Mama anayeandika kila jioni ametia ndoo ngapi ana taarifa ambayo daktari wa mifugo atakayefika siku ya tatu hawezi kuipata kwa darubini.

Sisemi tuibebe modeli ya Orpet na Jeffery kama ilivyo. Ilitengenezwa kwa mgonjwa mmoja mwenye jina, amelala kwenye kizimba kisafi. Mgonjwa wetu ni vifaranga 300 wasio na majina, au kuku wa kienyeji kutoka Singida aliyesafiri usiku kucha juu ya basi ndani ya tenga, akishushwa anabebwa kichwa chini miguu juu. (Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008, mkiona hiyo picha ya kichwa chini muikumbuke.) Kwa hiyo faili letu liwe la banda, au la tenga, na kipimo kiwe cha kundi. Kubadilisha ni kazi ya wasomi wetu. Kukataa kwa sababu imetoka ng'ambo ni uvivu tu, mbona antibayotiki nayo imetoka huko huko na tunainywesha kama soda.

Sasa kuna hoja moja nzito, na aliyeitoa ni muuguzi wa binadamu, rafiki yangu. Aliniambia: "Mdogo wangu, hizo karatasi za mpango wa uuguzi tunazijaza mwisho wa zamu. Usiwapelekee kuku msiba wetu." Anasema kweli. Shangazi yangu alilazwa hospitali moja ya hapa jijini baada ya kupooza. Kwenye faili lake iliandikwa amegeuzwa kila baada ya saa mbili. Mgongoni alikuwa na kidonda ambacho mtu anayegeuzwa kila baada ya saa mbili ni vigumu sana kukipata. Karatasi ilidanganya.

Lakini sikilizeni kilichofuata. Mama yangu, ambaye hakumaliza hata darasa la saba, aliomba asomewe hiyo karatasi. Akasomewa. Akamwendea msimamizi wa wodi akasema, hapa mmeandika saa nane kageuzwa, mimi saa nane nilikuwa nimekaa hapa pembeni yake, ni nani aliyemgeuza? Msimamizi hakuwa na jibu, na kuanzia jioni ile shangazi aligeuzwa kweli. Kama kusingekuwa na karatasi, mama angelalamika kwamba "hamumjali mgonjwa wetu", angejibiwa "tunamjali sana mama", na mambo yangeishia hapo. Yule mama wa Mbagala hana karatasi ya kumbana mtu yeyote. Kuku wakiisha ataambiwa hukufuata maelekezo.

Tena kuna jambo ambalo karatasi ingelizuia mapema. Antibayotiki nyingi za mifugo zina siku za kusubiri kabla ya kuchinja au kula mayai, ziliisoma kwenye kibandiko wachache, wengi hawakuambiwa. Tanzania ilitoa mpango kazi wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017, na ndani yake binadamu na mifugo wamo pamoja. Safi. Lakini nani anaandika bandani kwamba sindano ya mwisho ilikuwa Jumanne, kwa hiyo Ijumaa kuku haendi sokoni? Daktari wa mifugo hawezi kukaa kwenye kila banda. Huyo ni mtu wa kati.

Na mtu wa kati tunaye tayari, ndiyo inavyouma. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003 iliunda Baraza la Veterinari, na chini ya madaktari inawatambua wataalamu wasaidizi. LITA inawafundisha kwenye kampasi zake, Tengeru, Mpwapwa, Morogoro na kwingineko, kwa ngazi ya astashahada na stashahada ya afya ya mifugo na uzalishaji. Vijana hao wanajua magonjwa. Ninachodai ni kwamba wafundishwe uuguzi kwa jina lake, wapimwe kwa mpango walioandika na kuurudia, na siyo kwa idadi ya sindano walizochoma. Na duka linalouza dawa za mifugo liwe na ukurasa mmoja kaunta, maswali kumi, ya kujazwa na mteja kabla ya pakiti kutoka kabatini. Daftari la kurasa mia mbili linatosha kwa wateja wengi tu, na linauzwa mtaa huo huo.

Na wewe uliyecheka, ukinunua kuku wa nyama wikiendi hii, muulize muuzaji dawa ya mwisho walipewa siku gani. Halafu uje uniambie alivyokuangalia.