Butembo-Beni: Dawa za Kichina kwa huzuni ya baada ya kiharusi, zimepimwa namna gani?

Kiharusi, ambacho wengi Butembo na Beni wanakiita AVC, hakimalizi kazi yake siku mgonjwa anapotoka hospitalini. Mdomo uliopinda unaweza kunyooka, mkono ukaanza tena kushika kikombe, na jamaa wakamshukuru Mungu. Kisha, wiki chache baadaye, mgonjwa anakataa chakula. Halali usiku. Wageni wakija kumsalimia, anageukia ukuta. Akiambiwa asimame afanye mazoezi, anajibu kwamba heri angekufa siku ile ile.

Nyumbani wanasema ana mawazo mengi, ao ugonjwa umemfanya kuwa mkaidi. Wengine wananong’ona juu ya uchawi na sumu. Madaktari wanaita hali hiyo depresioni ya baada ya kiharusi. Tafiti zilizofanywa katika nchi nyingi zinaonyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopona kiharusi anapatwa nayo. Si jambo dogo. Mwenye depresioni anaacha mazoezi, anasahau dawa za tansio, anachelewa kupata nguvu, na hatari yake ya kufa inaongezeka.

Ni hapo dawa za Kichina zinapoingia. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Butembo wameleta bidhaa toka Guangzhou na Dubai, na soko la dawa halikubaki nyuma. Katika miji mingi ya Kongo, vidonge, poda na majani ya chai toka China vinauzwa mkono kwa mkono, katika mikutano ya wanachama na kwa WhatsApp. Muuzaji anasema inasafisha mishipa, inatuliza moyo, inaondoa mawazo. Jamaa ambao wamekwisha kuuza mbuzi ao kukopa ili kulipa hospitali wanabaki na swali moja: inasaidia kweli, ao inamaliza makuta tu?

Ndani ya kopo kuna nini

Mitishamba ya Kichina si jambo la kuchekelea. China ina vitabu vya dawa vya karne nyingi, na fomula zake zinafundishwa katika vyuo vikuu. Kwa huzuni, inayojulikana zaidi ni Xiaoyao San. Inachanganya mizizi ya chaihu, danggui na baishao pamoja na mimea mingine, tangawizi na nana. Waganga wa Kichina wanaeleza kwamba hasira na huzuni vinafunga nguvu ya mwili katika ini, na kwamba mimea hii inaifungulia njia. Kuna pia dawa mpya za kiwandani. Moja, Shuganjieyu, ilipewa ruhusa na serikali ya China mwaka 2008 kwa depresioni isiyo kali sana.

Tena, wakaaji wa Beni na Butembo hawahitaji kufundishwa kwamba mmea unaweza kuwa dawa. Maganda ya quinquina, yanayotoa kinini, yamepandwa na kuuzwa katika eneo hili kwa miaka mingi. Gome la mti wa Prunus africana limetoka katika milima ya Kivu ya Kaskazini kwenda Ulaya kutengenezwa dawa ya prostate. Artesunate inayotibu malaria hapa kwetu inatokana na mmea wa Kichina, qinghao, na mwanasayansi Tu Youyou alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini Tu Youyou hakusimama kwenye mmea. Yeye na wenzake walitoa kiini chake, wakakipima, wakajua kiasi gani kinatibu na kiasi gani kinadhuru.

Kwa hiyo haisaidii kuuliza kama dawa inatoka China ao Ulaya. Cha kuuliza ni namna ilivyopimwa.

Kipimo ambacho Beni inakijua

Swali hilo si geni hapa. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 2.287 walikufa. Katika machungu hayo, kuanzia Novemba 2018, vituo vya matibabu vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina vilifanya uchunguzi ulioitwa PALM, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB na wenzake wa kigeni. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa kura katika makundi manne, kila kundi na dawa yake.

Mwanzoni kila dawa ilikuwa na watu walioiamini. Hesabu ndiyo ilikata neno. Katika kundi la ZMapp karibu nusu ya wagonjwa walikufa, na katika kundi la remdesivir ilikuwa zaidi kidogo ya nusu. Kwa mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995, na kwa REGN-EB3, ilikuwa karibu mmoja kati ya watatu. Mwezi wa Agosti 2019 dawa mbili za kwanza ziliwekwa kando.

Somo lilikuwa wazi. Watu wachache wakipona baada ya kutumia dawa, hiyo haionyeshi kwamba dawa ndiyo iliyowaponya, sababu wengine wangepona hata bila dawa. Lazima makundi mawili yanayofanana yalinganishwe, na kura ndiyo iamue nani anapata nini.

Je, dawa za Kichina kwa huzuni ya baada ya kiharusi zimepita mtihani huo?

Jibu: ndiyo, lakini nusu njia

Tafiti zipo, na ni nyingi. Mmoja uliochapishwa mwaka 2008 uligawa wagonjwa 150 wa China katika makundi matatu: wa kwanza walipata fomula iliyotokana na Xiaoyao San, wa pili fluoksetini, ambayo ni dawa ya kawaida ya depresioni, na wa tatu plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. Baada ya wiki 8, makundi mawili ya kwanza yalikuwa na nafuu kubwa kuliko la plasebo. Wataalamu waliokusanya tafiti nyingine za namna hiyo wameona mwelekeo uleule: mitishamba peke yake, ao pamoja na dawa za hospitali, inaonekana kupunguza huzuni.

Lakini wataalamu hao hao wanaweka onyo. Karibu tafiti zote zilifanyika China, kwa wagonjwa wachache na kwa wiki chache tu. Katika nyingi, mgonjwa na munganga walijua nani anapewa nini, na mtu anayepimwa huzuni anaweza kusema anajisikia vizuri sababu tu anajua amepewa dawa. Fomula nazo zinatofautiana toka utafiti mmoja hadi mwingine.

Tafiti ndogo zinaweza kudanganya. Mwaka 2024 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya dawa nyingine ya mitishamba ya Kichina, FYTF-919, iliyotumiwa kwa kiharusi cha mshipa kupasuka. Safari hii wagonjwa walikuwa zaidi ya 1.600, katika hospitali 26 za China, na nusu walipewa plasebo. Dawa haikuonyesha faida. Watafiti wa China wenyewe walishiriki kuipima na kulisema wazi. Kwa huzuni ya baada ya kiharusi, mtihani mkubwa wa namna hiyo bado unangojewa.

Hatari kwa mwenye tansio

Wengi wanasema: hata kama haisaidii, ni majani tu, haiwezi kudhuru. Kwa mtu aliyepata kiharusi, maneno hayo ni hatari.

Fomula nyingi za Kichina, Xiaoyao San ikiwemo, zina gancao, mzizi mtamu ambao Wafaransa wanauita réglisse. Ukitumiwa kwa wingi ao kwa muda mrefu, unapandisha tansio, na tansio ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi. Danggui na danshen zinaweza kuongeza kutoka damu kwa mgonjwa anayemeza varfarini. Mwenye mshipa uliopasuka hapaswi kupewa kitu cha « kulainisha damu » bila daktari kujua. Shuganjieyu ina mmea ambao Wafaransa wanauita millepertuis. Mmea huo unapunguza nguvu ya dawa za Ukimwi na vidonge vya uzazi wa mpango, na ukichanganywa na fluoksetini unaweza kuleta sumu mwilini.

Kuna pia shida ya kujua kilichomo kweli. Ubelgiji ilijifunza hilo kwa uchungu mapema katika miaka ya 1990. Wanawake waliotumia vidonge vya kupunguza uzito katika kliniki moja ya Brussels waliharibika figo, zaidi ya 100 kati yao, sababu mmea mmoja wa Kichina ulichanganywa na mwingine wenye sumu, aristolochia. Kama hilo liliweza kutokea Brussels, kopo lisilo na maandishi ya Kifaransa, linalofika Butembo baada ya kupita mikono mingi, linahitaji macho mawili. Kongo ina mamlaka ya kusimamia dawa, ACOREP, lakini kinachouzwa mlango kwa mlango kinapita mbali na macho yake.

Hatari kubwa kuliko zote ni mgonjwa kuacha dawa ya tansio kwa kuwa ameambiwa kopo linatosha. Hapo kiharusi cha pili kiko karibu.

Kinachopatikana karibu

Dawa za hospitali nazo si za muujiza. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza, uliotangazwa mwishoni mwa 2018 na uliohusu wagonjwa 3.127 wa kiharusi, ulionyesha kwamba fluoksetini inapunguza depresioni, lakini hairudishi nguvu za mwili, na waliotumia walivunjika mifupa zaidi. Ndiyo maana haitolewi kwa kila mtu, bali kwa yule ambaye munganga amempima na kuona ana depresioni. Ila faida na hasara zake zinajulikana, na ni dawa ya zamani inayotengenezwa na viwanda vingi, kwa hiyo bei yake si ya juu.

Shida ni kumpata wa kupima. Waganga wa magonjwa ya akili ni wachache sana Kongo. Kituo cha Tulizo Letu kiko Goma, na tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23, upande mwingine wa mstari wa vita. Familia za Butembo na Beni zinabaki na kilicho karibu: hospitali kuu, CEPIMA kule Butembo, na vituo vya afya vya kata. Eneo hili linabeba pia majeraha ya mauaji yaliyoanza Beni mwaka 2014, na huzuni ya mgonjwa wa kiharusi inapotea kirahisi kati ya huzuni za wote.

Lakini Ebola iliacha kitu. Wafanyakazi wa msaada wa kisaikolojia walifundishwa, wakaenda nyumba kwa nyumba, wakakaa na waliofiwa na waliopona. Ujuzi huo ungali kwa watu. Kumuuliza mgonjwa wa kiharusi kama analala, kama anakula, kama bado anatamani kuishi, hakuhitaji mashine. Kwa yule aliyepoteza sauti, jamaa wanaweza kutazama: analia mara nyingi? Ameacha vitu alivyopenda? Ikipita wiki mbili hivyo, apelekwe kwa munganga. Akisema anataka kufa, isingojewe hata siku moja.

Na jamaa wakitaka bado kujaribu dawa ya Kichina, wasiifiche. Walete kopo lenyewe hospitalini, na wamuulize muuzaji maswali matatu: ndani kuna nini, nani aliipima na kwa wagonjwa wangapi, na inapatana namna gani na dawa ambazo mgonjwa anameza tayari. Asiyeweza kujibu hayo hajui anachouza.