Binti Zetu na Mahaba ya Vitabuni



Ndugu wasomaji, imetujia barua kutoka bara iliyotushughulisha. Mwandishi wake ni dada yetu, mzaliwa wa pwani, aliyeolewa Elburgon, mji wa mbao na baridi kali ulioko baina ya Njoro na Molo, kandokando ya msitu wa Mau. Waislamu wa huko si wengi, jamaa zake wote wako Mombasa, na usiku, asema, ni mrefu. Basi husoma. Husoma riwaya za mapenzi, na wala haoni haya kulisema hilo. Naye ana binti wa kidato cha tatu ambaye husoma kuliko yeye, katika simu.

Jina lake tumelihifadhi. Maoni yake twayaleta mbele yenu kwa kuwa yana faida.

La kwanza ni juu ya wanaume wa riwaya za siku hizi. Asema wamefanana kama sarafu: tajiri, mzuri wa sura, mkali, mwenye wivu. Humwandama msichana pasipo kuitwa, hukasirika akimwona na watu wengine, humtia uchungu kisha humwomba radhi, naye mwandishi huyakusanya yote hayo na kuyaita mapenzi. Msichana akisema hataki, msomaji hufunzwa kufahamu kwamba ataka. Ametaja riwaya ya After ya Anna Todd, iliyoanza kutolewa mwaka 2013 katika mtandao wa Wattpad sura baada ya sura, hata ikafanywa filamu mwaka 2019. Binti yake ampenda sana kijana Hardin wa riwaya hiyo. Mama mtu asema kijana kama huyo akibisha hodi kwake kuleta posa, atamfungia mlango.

La pili, asifu riwaya ya It Ends with Us ya Colleen Hoover, iliyotoka mwaka 2016. Humo mna Ryle, tabibu wa upasuaji, ampendaye mkewe Lily kweli kweli, na juu ya hayo humpiga. Lily alikua akimwona baba yake akimpiga mama yake. Akiisha kujifungua mtoto wa kike, amwuliza mumewe: binti huyu akija siku moja kukueleza kwamba ampendaye humpiga, utampa nasaha gani? Mume ajua jawabu, na ndoa yaishia hapo. Dada yetu asema ukurasa huo ungefaa kusomwa na akina baba kabla ya akina mama.

La tatu, amtetea Yasmin wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Unguja, aliyeozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mwanamume wa makamo ya baba yake. Alipomkimbia, jamaa zake walimfungia milango. Wasomaji wengi humlaumu Yasmin kwa njia aliyoifuata baadaye. Dada yetu auliza: mbona hawaanzi kwa kumlaumu aliyemwoza?

Kisha auliza swali lake: amnyang'anye binti simu?

Twajibu, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu.

Kwanza, visa vya mapenzi si vigeni katika dini yetu. Sura ya Yusuf, ambayo Qurani yenyewe yaiita kisa kilicho bora, inayo habari ya mwanamke aliyeshikwa na mapenzi, milango iliyofungwa na kanzu iliyoraruliwa kwa nyuma. Na Ibn Hazm wa Kurtuba, faqihi mkubwa aliyefariki mwaka 1064, alitunga kitabu kizima juu ya mapenzi na hali za wapendanao. Kwa hivyo hatuwezi kumwambia binti kwamba kusoma habari za mapenzi kwenyewe ni uovu. Ziko kurasa zisizofaa kusomwa, za kuelezea yaliyostahili kusitiriwa, na hizo mzazi azikataze bila ya kuona haya. Lakini kumfungia mtoto mlango pasina kumfunza si malezi. Said Ahmed Mohamed ametuonyesha hilo katika Utengano, riwaya ambayo wengi wenu mliisoma shuleni: Maksuudi alimfungia ndani bintiye Maimuna, na siku alipotoka hakuwa na mizani ya kumpimia mtu hata mmoja. Ulimwengu ukampokea kama ulivyompokea.

Mizani hiyo ndiyo tunayoitafuta, na twaipata Madina. Barira alikuwa mjakazi, akaachwa huru. Mumewe Mughith alikuwa angali mtumwa, na sheria ikampa Barira hiari ya kubaki naye au kumwacha. Akachagua kumwacha. Mughith akawa akimfuata njiani huku akilia, machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwonea huruma, akamwomba Barira amrejee. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kwamba si amri, ni uombezi tu. Akasema hana haja naye. Mambo yakaishia hapo.

Tafakarini, ndugu zangu. Mwombezi ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, na mwombewa ni mwanamke aliyekuwa jana katika utumwa, na neno lake la kukataa likaheshimiwa. Hakulazimishwa, hakutukanwa, hakuambiwa kwamba moyoni mwake ataka. Machozi ya Mughith yalikuwa ya kweli, lakini machozi ya mwanamume hayakuwa hoja ya kumfunga mwanamke.

Basi mfunze binti yako kumpima mwanamume, wa kitabuni na wa duniani, kwa jambo moja: hufanya nini akiambiwa la? Anayelisikia neno hilo akajizuia, huyo ana adabu. Anayeligeuza kuwa ugomvi, huyo ni wa kuogopwa, hata akiwa mzuri kama mwezi. Wala hili si jambo la hadithi tu. Mwezi Januari 2024, wanawake wa Kenya waliandamana Nairobi na miji mingine kulia juu ya wenzao waliouawa, na wengi katika hao waliuawa na wanaume waliokuwa wakisema wanawapenda.

Sasa twageuka kwa akina baba, nasi tumo. Zamani mwali alikuwa na somo wake, mwanamke mtu mzima wa kumweleza habari za unyumba. Huko Elburgon somo hayuko. Na hata huku kwetu, ambako yuko nyumba ya pili, aghalabu huitwa juma la harusi, siku ambayo binti amekwisha kufunzwa na simu. Kiti cha somo kimekaliwa na riwaya kwa sababu tumekiacha kitupu.

Na je, binti atajifunzia wapi kusema la, ikiwa nyumbani kwake neno hilo halina nafasi? Khansa bint Khidham aliozwa na baba yake asipopataka, akamshtakia Mtume, na ndoa ile ikavunjwa. Twajua wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamezungumza juu ya uwezo wa baba kumwoza mwanamwali. Lakini wameuwekea masharti, na wamesema kumtaka shauri ni jambo lenye kupendeza. Na sheria ya ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yataka hiari ya wote wawili, waliotimiza miaka 18. Baba anayemwoza bintiye kwa nguvu, kisha akalaani riwaya, na ajitazame kwanza yeye.

Kwa hivyo, dada yetu, simu usimnyang'anye. Kisome kitabu anachokisoma. Mkimaliza, mwulize: huyu Hardin angekuwa mume wa dada yako, ungelala usingizi? Mpe na habari ya Barira, naye achague nani alipendwa kwa heshima. Na mumeo pia aisome barua hii, kwani swali la Lily limeulizwa kwa mababa wote.

Mwenyezi Mungu awape binti zetu waume wenye huruma, na atupe sisi masikio ya kuwasikia. Amin.