Wali wa Deni na Muhogo wa Taslimu

Wanachama wenzetu, twaandika kutoka Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja, juu ya jambo lililo dogo machoni lakini zito mfukoni, nalo ni chakula cha mtumishi wa Serikali mwenye mshahara mdogo.

Sote twajua jinsi mwezi unavyokwenda. Haujafika mwisho, makarani na walimu wengi wamekwisha kuanza kuandikisha dukani mchele, sukari, mafuta na boflo. Mshahara ukija, hulipia chakula kilichokwisha kuliwa. Twakiri kwamba mshahara ni mchache. Lakini ipo na sababu ya pili, nayo ni heshima. Tumezoea kudhani kwamba nyumba ya mtu aliyesoma haifai kupika muhogo, na kwamba mgeni akikuta mbaazi mahali pa wali atakwenda kutusema. Dhana hii yatutia katika deni, wala miili yetu haipati faida.

Tuutazame mchele. Sehemu kubwa ya mchele tunaokula hutoka nje ya visiwa hivi, na gharama za safari zimo katika bei yake. Mwaka 1942, Wajapani walipoitwaa Burma, mchele wa huko ulikatika, na watu wa Unguja wakalazimika kutegemea zaidi muhogo na vyakula vingine vya shamba. Tena mchele mweupe si chakula kamili. Daktari wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1929 kwa kazi aliyoifanya Java, ambako kuku waliolishwa mchele uliokobolewa waliugua mishipa, na waliporudishiwa mchele wenye ngozi yake walipona.

Ardhi yetu ya Kiwengwa ni ya uwanda, yenye mawe, haifai kwa mpunga. Lakini muhogo, mbaazi, kunde na mtama hustahimili humo. Muhogo peke yake hutupa nguvu tu, haujengi mwili. Kwa hiyo anayemlisha mtoto muhogo mtupu amemshibisha, hakumlisha. Uambatane na mbaazi au kunde, zijengazo mwili, na mboga kama mchicha, matembele au kisamvu. Kisamvu sharti kitwangwe na kuchemshwa sana, na muhogo mchungu usiliwe bila kutolewa sumu yake.

Wengine watasema kwamba samaki sasa ni ghali. Ni kweli; mahoteli ya pwani yetu hununua changu na pweza kwa bei ambayo karani haiwezi. Lakini dagaa wakavu, wanaoliwa pamoja na mifupa yao, huwapa watoto chokaa ya mifupa na meno, na fungu dogo latosha mchuzi wa nyumba nzima.

Wengine watasema kwamba kutwanga kisamvu ni kazi. Nalo ni kweli, na mara nyingi kazi hiyo humwangukia mwanamke aliyeshinda baharini kwenye mwani. Basi mwanamume atokaye ofisini alasiri naye ashike mchi, hautampunguzia cheo.

Twapendekeza mambo mawili. Kwanza, wanachama wa mahali pamoja wachange fedha siku ya mshahara, wanunue mbaazi na kunde kwa gunia wakati wa mavuno, wagawane kwa pishi. Pili, kila mwenye ua apande mchicha na matembele, na asiye na ua atumie makopo na mapolo. Wali tusiukatae, uwe wa siku zake, nao ununuliwe kwa taslimu. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Nasi twalisema jambo hili katika gazeti la watumishi kwa kuwa si la jikoni tu. Mwenye duka anayetukopesha mchele ndiye huyo huyo ambaye kesho karatasi zake zitafika mezani petu. Karani aliyeandikwa katika daftari la deni atazipimaje kwa haki? Atakayekula muhogo wake kwa taslimu ataweza kumwambia mwenye duka ndiyo au siyo, naye asiinamishe macho.