Tusiifundishe sayansi kama mazingaombwe

Tarehe 12 Juni, 2014, Kombe la Dunia lilipokuwa likifunguliwa mjini São Paulo, Brazil, kijana Juliano Pinto, aliyepooza miguu na sehemu ya chini ya kiwiliwili, aliupiga mpira. Alikuwa amevikwa vazi la chuma lenye mota, na kichwani kofia ya elektrodi iliyonasa umeme wa ubongo wake. Alipokusudia kupiga, tarakilishi ililifasiri kusudi hilo na kuliamuru vazi lipige. Televisheni zilionyesha tukio hilo kwa sekunde chache tu.

Waliotarajia kumwona aliyepooza akiinuka kitini na kukatiza uwanjani, kama ilivyokuwa imetangazwa, walivunjika moyo. Wengine walilalama kuwa fedha za umma zimeteketezwa kwa maonyesho. Nawaelewa, kwani ahadi ilikuwa imetiwa chumvi. Hata hivyo, nashikilia kwamba mpira ule haukuwa kipimo cha kazi iliyoutangulia.

Msimamizi wa jaribio hilo, Miguel Nicolelis, alizaliwa mjini humo mwaka 1961, akasomea udaktari papo hapo kabla ya kwenda Marekani. Swali lililomkosesha usingizi halikuhusu viti vya magurudumu hata kidogo. Alitaka kujua iwapo ubongo hutenda kazi kwa seli mojamoja au kwa makundi makubwa ya seli zinazoshirikiana. Yeye na mwenzake John Chapin walijifunza kusikiliza seli nyingi kwa wakati mmoja kupitia nyaya nyembamba mno, na mwaka 1999 panya wao waliweza kuendesha mkono wa mtambo uliowaletea maji, kwa ishara za ubongo pekee.

Aidha, tusidhani kwamba wao ndio walioanza. Mwaka 1969 Eberhard Fetz alikuwa ameonyesha kwamba kima aweza kujifunza kuichochea seli moja ya ubongo wake apate chakula. Lau angeulizwa siku hiyo kazi yake ingemfaa nani, sijui angejibu nini.

Lililo zuri zaidi, kwa maoni yangu, ni jaribio lililochapishwa mwaka 2003. Katika Chuo Kikuu cha Duke, kima aitwaye Aurora alifundishwa kusogeza nukta kwenye kiwambo kwa kijiti, akilenga shabaha na kutunukiwa maji ya matunda. Wakati huo tarakilishi ilikuwa ikijifunza uhusiano kati ya seli zake na mkono wake. Kisha watafiti walikitenganisha kijiti na mchezo, nukta ikawa inaongozwa na ubongo moja kwa moja. Aurora aliendelea kucheza. Baada ya muda mkono wake ukatulia kabisa, ilhali nukta iliendelea kwenda alikotaka. Hapakuwa na uwanja wala shangwe, lakini hapo ndipo jambo kubwa lilipotokea.

Mwaka 2016 yakatolewa matokeo mengine. Wagonjwa wanane, waliokuwa wamepooza kwa miaka kati ya mitatu na kumi na mitatu, walikuwa wamefanya mazoezi ya mfumo huo kwa miezi kumi na miwili. Walirejewa kwa kiasi na hisi na uwezo wa kukaza baadhi ya misuli iliyo chini ya jeraha la uti wa mgongo. Nusu yao hawakuhesabiwa tena kuwa wamepooza kabisa. Hakuna aliyetupa kiti chake. Vilevile wanane ni wachache, na hapakuwa na kundi la kuwalinganisha nalo.

Nayasema haya kwa sababu darasani mwetu sayansi huja kwa sura mbili tu: mchoro wa neva wa kukaririwa kwa ajili ya mtihani, au habari ya muujiza uliotendeka ng'ambo. Miaka ile arubaini na mitano iliyopo kati ya kima wa Fetz na mpira wa São Paulo haionekani popote. Mwanafunzi hafahamu kuwa kuna watu walioizeeka humo, wakikosea na kurudia.

Mwalimu na asimulie habari za Aurora, akubali pia kuulizwa kama ni haki kumtia kima nyaya ubongoni. Na mwanafunzi akitaka kujua kwa nini wagonjwa wanane hawatoshi, asinyamazishwe ati silabasi inangoja.