Risala ya Watunza Programu ya Mizani kwa Mgeni Rasmi, Tukuyu



Sisi ni vijana tunaotunza programu ya mizani inayopima majani mabichi ya chai kwenye mabanda ya kununulia. Hasa tunatunza kipande chake kimoja kisichoonekana, maktaba ndogo ya orodha iliyoandikwa kwa lugha ya C. Mkulima akishusha kapu, jina lake, kilo na saa huwekwa kwenye rekodi moja, na rekodi hiyo hubeba anwani ya inayofuata. Ya mwisho haina anwani. Hapo programu hujua orodha imekwisha. C, aliyoiunda Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, haina orodha ya namna hii kwenye maktaba yake rasmi. Kila anayeihitaji hujiandikia, na hapo ndipo kero zetu zinapoanzia.

Kila mkandarasi aliyepewa mradi alichukua nakala ya maktaba hii, akaibadilisha apendavyo, akaenda zake. Masika, majani yalipojaa, banda moja likaanza kupoteza watu. Kilo za waliowahi asubuhi zilifika ofisini, za wengine hazikuonekana kabisa. Tulipofungua msimbo tukakuta programu inatuma rekodi, inaifuta, kisha inarudi kuiuliza rekodi ileile iliyofutwa: anayefuata yuko wapi? Siku za majani machache ilijibiwa sawasawa, kwa kuwa nafasi ile kwenye memori ilikuwa bado haijachukuliwa. Siku za msongamano, kupima kuliendelea huku kutuma kukifanyika, na kapu jipya likaandikwa palepale. Kapu jipya huwa la mwisho, halina wa kumfuata. Programu ikaona orodha imekwisha, ikanyamaza.

Dawa yake ni mistari miwili: shika anwani ya anayefuata kabla hujafuta. Kuitafuta ndiko kulikokula usiku wetu. Taarifa ya robo mwaka iliandika kwamba hatukuwa na kazi mpya.

Hatulii peke yetu. Mwaka 2022, watunzaji wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux waliamua kuhama kutoka kanuni za C za 1989 kwenda za 2011, wakisukumwa na tatizo la pointa, yaani anwani ya rekodi, inayotumika baada ya kitanzi cha orodha kumalizika. Wao wana kampuni kubwa nyuma yao. Sisi mabadiliko yakitoka tunapanda bodaboda hadi Mwakaleli, kifaa kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mvua ya huku mnaijua.

Kwa hiyo tunadai nakala iwe moja tu, ikae chini ya ushirika wetu wa wakulima, na mkataba wowote wa mkandarasi umlazimishe kukabidhi msimbo wote kabla ya malipo ya mwisho. Programu ya banda lile imerekebishwa. Mabanda yenye nakala nyingine bado yana kosa lilelile, na funguo za kuyafikia hatuna.

Tunadai fungu la matunzo kwenye bajeti. Fedha ya kuzindua hupatikana, pamoja na maturubai na soda. Ya kutunza kilichozinduliwa hatujawahi kuiona. Tunadai pia mizani moja ya majaribio, maana sasa tunajaribu marekebisho kwenye mizani inayopima kapu la mtu.

Tunadai mtunzaji wa pili mwenye ajira, asiwe kibarua. Machi 2024 iligundulika kwamba xz, maktaba ya kubana mafaili inayotumika duniani kote, ilikuwa imetiwa mlango wa siri. Mtunzaji wake alikuwa mmoja, amechoka, anajitolea. Aliyejitokeza kumsaidia akaaminiwa, akapewa funguo, naye ndiye aliyeutia. Mtengeneza programu Andres Freund aliushtukia mlango huo baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa takriban nusu sekunde. Huku kwetu nusu sekunde tungesema ni mtandao.

La mwisho si la mafundi. Siku zile rekodi zilipopotea, karani wa banda alikuwa ameandika kila kapu kwenye daftari kwa kalamu, na wakulima walipodai waliambiwa mashine haikosei. Mashine ilikosea, na kosa tumelieleza hapa. Daftari lipo. Tunadai walipwe kwa daftari hilo, kabla ya bonasi ya msimu kugawanywa.