Kujiamini Nako ni Mtaji

Msomaji wa ukurasa huu huja kutafuta bei na mwelekeo wa soko. Leo tunagusa uwekezaji usiomo kwenye orodha ya bei, ingawa wengi wenu mmeutia fedha nyingi kuliko hata dukani: elimu ya chuo kikuu ya watoto.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mambo ni yale yale. Baba anaagiza uhasibu, mama anataka udaktari, mjomba anasema sheria ndiyo yenye ulaji. Kijana anaitikia tu. Miaka mitatu au minne baadaye ana shahada mkononi, lakini akiulizwa anataka kufanya kazi gani, anamtazama baba. Wengi hulaumu chuo. Sisi tunasema hesabu iliharibika nyumbani.

Zamani amri ya mzazi ilikuwa na maana yake. Hadi miaka ya 1980, mhitimu wa Mlimani alipangiwa kazi serikalini au kwenye shirika la umma. Mageuzi ya uchumi yaliyoanza 1986 yaliubana mlango huo. Leo mhitimu hujitafutia soko mwenyewe, na asiyejiamini hanunuliwi. Aliyesomeshwa na Bodi ya Mikopo, tangu 2016 hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, awe anaipenda kazi hiyo au haipendi.

Kujiamini huko hutoka wapi? Mwanasaikolojia Albert Bandura wa Marekani alieleza mwaka 1977 kwamba mtu huamini analiweza jambo kwa njia nne: kulifanya mwenyewe akafaulu, kuwaona wenzake wakilifanya, kutiwa moyo, na utulivu wa mwili na moyo anapolikabili. Ya kwanza ndiyo yenye nguvu zaidi. Mwaka 1983 Karen Taylor na Nancy Betz walitengeneza kipimo cha kujiamini kwa wanafunzi wa chuo katika kuchagua kazi. Hupima mambo matano: kujitathmini, kutafuta habari za kazi, kuchagua lengo, kupanga, na kutatua matatizo. Mfanyabiashara huyafanya yote matano kila siku. Cha ajabu, mwanae amekaa pembeni anashika daftari la mauzo tu.

Hatusemi kila kijana aachiwe afanye atakavyo. Mzazi anayeachia kila kitu hajengi zaidi ya yule anayeamuru kila kitu. Anayejenga ni yule anayeweka masharti, anatoa sababu, kisha anasikiliza. Heshima kwa wazazi haipungui hapo.

Tena watoto wa tumbo moja hawafanani. Mpole si lazima awe hajiamini, wala msemaji si lazima awe anajua aendako. Mwenye hofu apewe hatua ndogo ndogo za kufaulu. Mwenye haraka aulizwe maswali kabla hajaruka.

Ushauri wetu ni huu. Wakati wa likizo mpe kijana mtaji mdogo na rafu moja ya bidhaa. Achague mwenyewe, apate hasara kidogo, akueleze hesabu. Kabla ya kujaza fomu za chuo, aende kwa watu wawili watatu wanaoifanya kazi anayoitaka, arudi na sababu zake. Muulize kama benki inavyomuuliza mwombaji wa mkopo: soko liko wapi, na likikataa utafanya nini? Kisha uamuzi uwe wake.

Wapo watakaosema, fedha ni yangu. Ni kweli. Lakini mwenye hisa huuliza hesabu kwenye mkutano mkuu. Haendi kukaa kwenye kiti cha meneja. Duka likifa kwa hasara hufunguliwa jingine. Miaka minne ya kijana hairudi, na kazi aliyochaguliwa na baba ataifanya siku baba hayupo wa kumuuliza.